Kung'oa busta ya breki: Akiba ya gereji au hasara ya barabarani?

MPANDA

Mwenye gari dogo la mwendo kasi ambaye busta ya breki imemfia akiwa Mpanda ana njia tatu mbele yake, na kila njia ina bei yake. Ya kwanza ni kuagiza busta nyingine kutoka Dar es Salaam na kusubiri. Ya pili ni kuziba mpira wa busta na kuendelea na safari. Ya tatu, ambayo huwavutia zaidi vijana wenye Subaru Impreza, Altezza na Mark X, ni kuing'oa busta kabisa na kuligeuza gari liwe na breki za nguvu ya mguu mtupu, kama yalivyo magari mengi ya mashindano.

Kwa mtazamo wa haraka njia ya tatu ina mvuto wa kibiashara. Busta ni kipuri ghali, ni kikubwa, na cha mtumba hakina uhakika. Ukiiondoa, unajiepusha na gharama ya kuinunua leo na ya kuinunua tena baada ya mwaka mmoja. Gari linapungua uzito kidogo, injini inapata nafasi, na dereva anaambiwa atazihisi breki vizuri zaidi kwa unyayo wake.

Hata hivyo, bei inayotajwa kwanza gerejini siyo bei kamili ya kazi hiyo. Gari linalotumika kila siku kwenda sokoni, shambani na kupeleka watoto shule halilingani na gari linalopakiwa kwenye lori kupelekwa mashindanoni. Mwenye mali ni vyema apige hesabu yote kabla spana haijagusa nati.

BUSTA HUFANYA NINI

Busta ni lile kopo jeusi la mviringo, mithili ya sufuria mbili zilizofunikana, lililofungwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha dereva. Mbele yake imefungwa masta silinda, yaani bomba dogo linalosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Ndani ya kopo hilo kuna utando wa mpira unaoligawa vyumba viwili.

Injini ya petroli inapovuta hewa huacha ombwe, na mpira mmoja hulipeleka ombwe hilo kwenye busta. Dereva akikanyaga pedeli, chumba cha nyuma hufunguliwa kwa hewa ya nje. Hewa hiyo husukuma utando kuelekea upande wenye ombwe, na msukumo huo unajumlishwa na wa mguu. Kwa kifupi, anayesaidia kukanyaga breki ni hewa ya kawaida inayotuzunguka.

Nguvu yake si ndogo. Utando wenye kipenyo cha sentimita 23 una eneo la sentimita za mraba zipatazo 415. Tofauti ya mgandamizo ikiwa kilo 0.6 kwa kila sentimita ya mraba, utando unasukuma kwa kilo zinazokaribia 250. Huo ndio msaada unaotoweka busta inapokufa au inapong'olewa.

Kwa kuwa msaada hutoka kwenye hewa ya nje, mahali nako kuna athari. Mpanda iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Sumbawanga, makao makuu ya Rukwa, mkoa ambao Katavi ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, iko kwenye mita zipatazo 1,800, na upungufu unafika asilimia 20. Kwa hiyo busta iliyochoka, ambayo Dar es Salaam ilikuwa ikijikongoja, ikifika huku inaweza kuonekana imekufa kabisa. Mnunuzi anayelijaribu gari pwani kisha akalileta Katavi azingatie jambo hilo.

MAGARI YA ZAMANI NA YA MASHINDANO

Wanaotetea kung'oa busta hawakosi hoja. Volkswagen za mgongo wa kobe na Land Rover fupi za zamani zilitembea Afrika Mashariki miaka mingi bila busta. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika miaka yake ya mwanzo yaliendeshwa na magari ya aina hiyo kwenye vumbi na tope. Hata leo magari mengi ya mashindano huondolewa busta na kuwekewa pedeli maalumu yenye masta silinda mbili, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, ili dereva agawanye nguvu apendavyo.

Ipo pia sababu ya kiufundi. Injini iliyobadilishwa kamshafti ili itoe nguvu nyingi kwenye mzunguko mkubwa mara nyingi huwa na ombwe dogo ikiwa sailensa, na busta hukosa chakula. Injini yenye tabo nayo haina ombwe wakati tabo inasukuma. Hutegemea akiba iliyofungiwa ndani ya busta na valvu ya njia moja, hadi dereva aachie ekseleta.

Tofauti ni kwamba magari hayo yote, ya zamani na ya mashindano, yalipangwa tangu mwanzo yatembee bila busta. Pedeli zao ni ndefu kwa uwiano, masta silinda zao ni nyembamba, na dereva wa mashindano amefungwa mkanda kwenye kiti kigumu akiwa tayari kukanyaga kwa nguvu. Gari lililotoka kiwandani na busta halina hata kimoja kati ya hivyo. Kuondoa kopo peke yake ni sawa na kumwondoa mpagazi na kuuacha mzigo palepale.

HESABU YA MGUU

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, lakini vipimo vyake ni vya kawaida katika magari madogo.

Chukua gari lenye pedeli inayozidisha nguvu ya mguu mara 4, masta silinda ya inchi 1, na busta inayozidisha tena mara 4. Dereva anakanyaga kwa kilo 20. Pedeli inazifanya 80, busta inazifanya 320, na kwa kuwa eneo la masta silinda hiyo ni sentimita za mraba 5.07, mafuta ya breki yanapata mgandamizo wa kilo 63 kwa kila sentimita ya mraba.

Sasa busta iondolewe na vingine viachwe vilivyo. Ili kupata mgandamizo uleule, dereva atalazimika kukanyaga kwa kilo 80. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya hivyo mara moja kwa hofu, lakini si mara 30 katika safari moja. Mama mjamzito, mzee au dereva mwenye goti bovu hawezi kabisa.

Ndiyo maana kazi kamili hubadili vitu viwili. Pedeli hurekebishwa izidishe mara 6, na masta silinda huwekwa nyembamba zaidi. Ikiwekwa ya inchi 7/8, dereva atahitaji kilo 41. Ikiwekwa ya inchi 3/4, atahitaji kilo 30. Hapo breki zinaanza kukubalika.

Lakini nguvu hiyo hailetwi bure, inalipiwa kwa mwendo wa pedeli. Tuseme magurudumu yote yanahitaji sentimita 5 za ujazo wa mafuta ili pedi zishike barabara. Kwa mpango wa kiwandani pedeli ingeshuka karibu sentimita 4. Kwa masta silinda ya inchi 7/8 na pedeli ya mara 6, inashuka karibu sentimita 8. Kwa ile ya inchi 3/4, inashuka zaidi ya sentimita 10. Ukiongeza upepo kidogo kwenye paipu, au pedi zilizolika upande, pedeli inagota sakafuni kabla gari halijasimama.

Fundi anayeahidi pedeli laini, fupi na isiyo na busta kwenye gari zito, anaahidi kisichowezekana.

BEI HALISI YA MABADILIKO

Kinachouzwa kama "kutoa busta" kwa hakika ni orodha ya kazi zisizopungua sita.

Kwanza, pedeli. Kutoka mara 4 hadi mara 6 maana yake ni kuhamisha tundu la fimbo ya kusukuma. Kwenye pedeli ya urefu wa sentimita 30, tundu hutoka sentimita 7.5 chini ya mhimili na kupanda hadi sentimita 5. Tundu likitobolewa au kuchomelewa ovyo, pedeli inaweza kuvunjika siku ileile inapohitajika zaidi.

Pili, masta silinda. Tundu la pedeli likipanda sentimita 2.5, masta silinda nayo haina budi kupanda, la sivyo fimbo itasukuma kwa mshazari na kuilaza pistoni ubavuni.

Tatu, bamba la chuma. Busta ikitoka huacha uwazi kwenye ukuta wa bati. Bati hilo sasa litabeba nguvu kubwa zaidi ya mguu, hivyo linahitaji bamba nene la kuliimarisha. Bati likinepa, dereva anakanyaga bati badala ya breki.

Nne, paipu. Masta silinda mpya ina nati na matundu ya vipimo vingine. Paipu za breki hukunjwa na kutanuliwa midomo kwa kifaa chake, na kazi hiyo haifanywi kwa nyundo.

Tano, pedi. Wengi hulazimika kununua pedi zinazoshika zaidi zikiwa bado za baridi. Pedi za mashindano hazifai, kwa kuwa nyingi hutaka moto kwanza ndipo zishike, na gari la mjini huenda lisifikie moto huo asubuhi nzima.

Sita, mafuta ya breki na kutoa upepo magurudumu yote manne, kisha majaribio mahali salama.

Juu ya hayo kuna suala la ABS. Magari kama Altezza na Mark X huwa na kompyuta inayozuia magurudumu kukwama, na kiwanda kiliipanga pamoja na busta na masta silinda yake. Ukibadili vipimo, umebadili kile ambacho kompyuta ilizoea. Kwa magari ya haibridi kama Toyota Prius, ambayo breki zake huongozwa kwa umeme, mabadiliko haya yasifikiriwe kabisa.

Siku za gari kulala nazo ni fedha. Tuseme gari humwingizia mwenyewe faida ya shilingi 40,000 kwa siku. Likilala siku 5 likisubiri mchomeleaji, paipu na majaribio, shilingi 200,000 zimepotea kabla ya kumlipa fundi. Kiasi hicho lazima kiingie kwenye hesabu ya kulinganisha na busta nyingine inayoletwa kwa basi, au kwa treni kupitia tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda lenye urefu wa kilometa 210.

Kwa hiyo ulinganifu wa haki si kati ya bei ya busta na bei ya kuing'oa. Ni kati ya busta moja iliyofungwa na kumalizika, na pedeli, masta silinda, bamba, paipu, pedi, mafuta na siku zilizopotea vikijumlishwa pamoja.

BARABARA ZA KATAVI

Hasara kubwa zaidi haiandikwi kwenye risiti. Lami imefungua njia ya Mpanda kwenda Tabora kupitia Koga, na sehemu kubwa ya njia ya Sumbawanga nayo ina lami. Mwendo umeongezeka, na mwendo ukiongezeka breki hudaiwa zaidi.

Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo inatoa kipimo kizuri. Inataka gari zima lipunguze mwendo kwa kiasi cha mita 6.43 kwa sekunde katika kila sekunde, dereva akikanyaga kwa nguvu isiyozidi takriban kilo 51. Busta ikifa, kanuni hiyo inaridhika na mita 2.44 tu kwa nguvu hiyohiyo ya mguu, kwa kuwa inachukulia hiyo ni hali ya dharura ya kulifikisha gari gerejini.

Kwa lugha ya barabarani, gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa na kupungua kwa kiwango cha kwanza litasimama katika mita zipatazo 38 tangu breki ziliposhika. Kwa kiwango cha pili litahitaji mita zipatazo 101. Tofauti ni mita 63, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Aliyeziba mpira wa busta na kuendelea na biashara anaishi ndani ya mita hizo 63 kila siku. Kusini mwa Mpanda, baada ya Sitalike, barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako nyati na tembo huvuka bila kupiga honi. Vijijini watoto na baiskeli za mahindi ziko kando ya lami. Mbele zaidi, barabara inapokutana na ukingo wa uwanda wa Ufipa, dereva anayerudi kutoka Sumbawanga hushuka mteremko mrefu.

Kwenye mteremko, breki zenye busta na zisizo na busta huzalisha joto lilelile, kwa sababu uzito na mwendo wa gari havijabadilika. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hutakiwa kuhimili joto lisilopungua nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, pedeli huzama, na kwenye gari ambalo pedeli yake tayari inashuka sentimita 8 au 10, akiba iliyobaki chini ya mguu ni ndogo mno. Gia ndogo wakati wa kushuka ni kinga ya bei rahisi kuliko zote.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Si kila busta inayolaumiwa imekufa. Kipo kipimo kisichohitaji hata spana. Zima injini, kanyaga pedeli mara 5 au 6 hadi iwe ngumu, kisha ishikilie chini na uwashe injini. Pedeli ikizama kidogo yenyewe, busta inafanya kazi. Isiposogea, msaada haufiki. Ukisikia mlio wa hewa ndani ya gari muda wote unapokanyaga, huenda utando umetoboka.

Kabla ya kuihukumu busta, kagua mpira unaotoka kwenye injini. Mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au valvu ya njia moja iliyochoka huleta dalili zilezile, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya busta. Kagua pia nyuma ya masta silinda. Sili yake ikivuja, mafuta ya breki huingia ndani ya busta na kuuharibu utando. Katika hali hiyo, kubadili busta bila kutengeneza masta silinda ni kununua tatizo lilelile mara mbili.

Wenye magari ya dizeli wafahamu kuwa injini zao hazizalishi ombwe la kutosha. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, kwa mfano, ombwe hutoka kwenye pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya jenereta ya kuchaji betri. Pampu ikichoka busta hulaumiwa bila kosa.

Kwa busta ya mtumba, mnunuzi adai ijaribiwe ikiwa imefungwa kwenye gari. Iliyoonja mafuta ya breki, yenye kutu ndani ya mdomo au iliyobonyea isinunuliwe hata ikishushwa bei.

BIMA, SHERIA NA BEI YA KUUZA

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lililo barabarani liwe katika hali nzuri, na breki ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukaguliwa. Kwa upande wa bima, mkataba husimama juu ya ukweli wa mteja. Mabadiliko makubwa ya breki ambayo kampuni haikuarifiwa yanaweza kuleta ubishi wakati wa kudai fidia, hata kwa aliyelipia bima kubwa. Taarifa ya maandishi kabla ya kazi kuanza haina gharama.

Soko la magari yaliyotumika nalo lina kumbukumbu. Mnunuzi makini akifungua boneti na kukuta bamba la kuchomelewa mahali pa busta, huuliza maswali, na kila swali hushusha bei. Gari hilo linabaki na wateja wachache wanaolitaka kwa michezo, na wateja hao hawapatikani kwa wingi mjini Mpanda. Anayeamua kubadili basi ahifadhi pedeli na mabano ya asili, ili siku ya kuuza gari liweze kurudishwa lilivyokuwa.

MNUNUZI AFANYEJE

Kwa gari linalotumika kila siku, mpangilio wa matumizi ya fedha uko wazi. Anza na mpira, klipu na valvu. Ikishindikana, kagua masta silinda na, kwa dizeli, pampu ya ombwe. Ikithibitika busta imekufa, nunua busta. Wakati ikisubiriwa gari lilale. Kama ni lazima lisogee, liende polepole hadi gerejini bila abiria.

Kung'oa busta kuna nafasi yake kwenye gari jepesi lililotengwa kwa mashindano, lenye pedeli ya uwiano sahihi, masta silinda iliyopigiwa hesabu na dereva mmoja anayelifahamu. Kwa gari ambalo kesho litaazimwa na shemeji, keshokutwa litaendeshwa na mke kwenda hospitali, na Jumamosi litapakia magunia ya mpunga, akiba inayoonekana gerejini italipwa barabarani, na atakayeilipa huenda asiwe yule aliyeifurahia.